Re: Mji unajuaje utahitaji umeme kiasi gani miaka 20 ijayo?

Ndugu, umeuliza kuhusu Seattle, Marekani, mji wenye shirika lake la umeme. Hawaanzi na mitambo, wanaanza na mteja: nani atanunua gari la umeme, nyumba zipi zitaacha gesi, baridi ya Januari saa moja asubuhi itavuta megawati ngapi. Kisha mpango unajaribiwa kwa mwaka mbaya, theluji ikiwa haba milimani na mabwawa ya Mto Skagit, yanayowazalishia umeme, yakipungukiwa maji. Hapo ndipo upepo, jua na kubana matumizi vinalinganishwa bei.

Sisi wa Kigoma tuliokaa miaka na jenereta za dizeli jambo hili linatugusa. Mradi wa umeme wa maji wa Mto Malagarasi pale Igamba ni wa megawati 49.5. Mimi ningeuliza kwanza: Oktoba, mvua zikichelewa, mto utatoa ngapi?