Je, namna seli inavyotumia chakula huamua itakuwa seli ya kinga ya aina gani?

Ndugu aliyefungua uzi huu anauliza kama ni kweli kwamba namna seli inavyotumia sukari na mafuta huamua itakuwa seli ya kinga ya aina gani, au kama mabadiliko hayo ni matokeo tu ya seli kuzidiwa na kazi. Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika maabara iliyokuwa ikikuza seli T, aina ya chembe nyeupe za kinga, kutoka katika damu ya wachangiaji, na msimamo wangu ni kwamba umetaboli, yaani namna seli inavyotumia chakula, huamua kweli, ila ushahidi wenye nguvu zaidi hautoki mahali ambapo wengi huutafuta.

Seli T ambayo haijakutana na kimelea ni ndogo, na mitokondria zake, vinu vya nishati vya seli, huchoma glukosi na mafuta taratibu. Tulipoziamsha kwa kingamwili zinazoshika CD3 na CD28, protini za juu ya seli T zinazopokea ishara, zilinenepa, zikaanza kugawanyika, na baada ya siku chache midia yetu, yaani kimiminika cha kukuzia seli, ambayo huwa nyekundu kwa sababu ya rangi inayopima asidi, ikageuka ya njano. Asidi hiyo hufuatana na laktati ambayo seli huitengeneza kutokana na glukosi hata oksijeni ikiwa tele, tabia ambayo Otto Warburg aliieleza kwa seli za saratani katika miaka ya 1920. Kwa hesabu ya nishati pekee hiyo ni hasara, kwa maana molekuli 1 ya glukosi hutoa ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) 2 kwa njia hiyo, ilhali mitokondria zingetoa takribani 30. Lakini seli inayojiandaa kugawanyika huhitaji pia malighafi za DNA, za utando na za protini, na hizo huchukuliwa katikati ya safari ya glukosi kabla haijateketea yote. Linalogusa swali letu ni kwamba ishara ya CD28 yenyewe ndiyo inayoifanya seli ipandishe GLUT1, protini inayoingiza glukosi, hadi juu ya utando wake. Amri hutoka kwenye kipokezi. Seli haingoji kwanza iishiwe nguvu.

Je, umetaboli nao huirudishia seli amri? Chukueni mTOR, protini inayopima wingi wa asidi amino na nishati ndani ya seli. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba seli T za panya zisizo na mTOR, zikiamshwa, hushindwa kuwa seli saidizi za kushambulia, na badala yake huelekea kuwa seli za kudhibiti, zile zinazotuliza mapambano. Mwaka huohuo, panya waliopewa rapamaisini, dawa inayozuia mTOR, walipata seli nyingi zaidi za kumbukumbu, zile zinazobaki baada ya ugonjwa ili kuukumbuka, dhidi ya virusi. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2013: kimeng'enya GAPDH, kikikosa kazi ya kuvunja glukosi, hukamata ujumbe wa RNA wa intaferoni gama, protini ambayo seli T huitumia kama silaha, na kuuzuia usisomwe, kwa hiyo seli iliyonyimwa sukari huwa na ujumbe lakini silaha haitoki.

Hata hivyo, matokeo ya kwenye sahani za maabara yanahitaji tahadhari. Midia ya RPMI 1640, inayotumika sana kukuzia seli hizi, ina glukosi ya milimola 11 kwa lita, yaani karibu mara mbili ya damu ya mtu aliyefunga. Dawa nazo hupotosha. Kwa miaka mingi etomoksiri, dawa inayozuia uchomaji wa mafuta, ilitumika kuthibitisha kwamba seli za kumbukumbu haziwezi kuwepo bila kuchoma mafuta kupitia CPT1a, protini inayosaidia mafuta kuingia kwenye mitokondria, lakini panya ambao seli zao T ziliondolewa jeni ya CPT1a walipochunguzwa, kumbukumbu ilijengeka, na ikabainika kwamba dawa hiyo kwa kiwango kikubwa huvuruga mambo mengine ndani ya mitokondria.

Ndiyo maana mimi huanzia kwa watoto. Mwaka 1972 iligunduliwa kwamba baadhi ya watoto wanaozaliwa bila kinga hawana kimeng'enya cha adenosini diaminasi, ambacho kazi yake ni ya kawaida kabisa: kusafisha mabaki ya purini, kemikali zilizomo katika DNA. Kikikosekana, dATP, mojawapo ya malighafi za DNA, hurundikana ndani ya seli changa za thaimasi, tezi ya kifuani ambamo seli T hukomaa, utengenezaji wa DNA unakwama, na seli hufa kabla hazijakomaa. Wakidungwa kimeng'enya hicho, limfosaiti, kundi la chembe nyeupe lenye seli T, huanza kuonekana tena. Kisha kuna AK2, kimeng'enya cha kwenye mitokondria; mtoto aliyerithi jeni zake mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili hukosa hata nyutrofili, chembe nyeupe zinazomeza bakteria, na huwa kiziwi. Hapa hakuna anayeweza kusema kwamba umetaboli unafuata tu nyuma.

Jambo hili lipo pia katika wodi za utapiamlo, ambako kinga hushuka bila kasoro yoyote ya jeni. Thaimasi ya mtoto mwenye utapiamlo mkali hunywea. Sababu mojawapo ni kupungua kwa leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili, kwani panya walionyimwa chakula lakini wakadungwa leptini, thaimasi zao hazikunywea kama za wenzao. (Wanaouza unga wa "kupandisha kinga" kwa watu walioshiba wasijifiche nyuma ya matokeo haya.) Kwa wanaohudumia watoto hao, nchini Bolivia thaimasi zilipimwa kwa ultrasaundi wakati wa matibabu, ikaonekana kwamba uzito hurudi mapema kuliko tezi, hivyo mtoto anaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani mizani ikiwa imeridhika huku seli zake T zikiwa bado hazijarejea.