Ory Okolloh wa Ushahidi alisomea nini

Unadhani alisomea kompyuta kwa sababu Ushahidi ni tovuti ya ramani? Siyo kompyuta, ndugu. Okolloh ni mwanasheria: sayansi ya siasa Pittsburgh, kisha sheria Harvard, akamaliza 2005. Mwaka 2006 yeye na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia kazi za wabunge. Wazo la Ushahidi, ramani ya kuonyesha ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007, alilitoa kwenye blogu yake Januari 2008, na programu yenyewe akaiandika David Kobia, mtaalamu wa programu aliyekuwa akiishi Alabama. Siku zile sisi hapa Kondele, Kisumu, tulikuwa tumejifungia ndani, matangazo ya moja kwa moja ya redio na TV yamepigwa marufuku, habari za mtaa wa pili unazipata kwa SMS tu. Ndiyo maana ramani inayopokea SMS ilieleweka haraka. Haikuhitaji mtu awe na kompyuta.

Ila kama uliyemsoma ni Juliana Rotich, basi hujakosea, huyo ndiye aliyesomea teknolojia ya habari, Missouri. Waanzilishi wa Ushahidi hutajwa wanne, pamoja na Erik Hersman, na watu huwachanganya kila mara. Hata mimi nilidhani Kobia ndiye mwenye wazo.