Fundi Picha Anajibu: Namba za Mwalimu Si Zako

Barua nyingi safari hii zina kilio kimoja: nimefuata somo hatua kwa hatua, mbona yangu haifanani na yake? Nimechagua nne. Ya kwanza nitakaa nayo, maana mkiielewa hiyo, mbili zinazofuata zitawalainikia.

Shikamoo Fundi. Nilitazama video ya kugeuza picha iwe mchoro wa penseli. Nikatoa rangi, nikanakili tabaka (layer), nakala nikaigeuza negativu, nikachagua Color Dodge kwenye orodha ya namna za kuchanganya matabaka, halafu nikatia ukungu wa Gauss (Gaussian Blur) wa 8 kama alivyosema mwalimu. Yake ilitoka uso wa mzee, kila mkunjo unaonekana. Yangu ni karatasi nyeupe yenye vinywele vitatu vinne. Natumia simu ya megapikseli 12. Nimekosea wapi? — Mpenda Penseli

Marahaba. Hatua zako zote ziko sawa. Kilichokuponza ni hiyo 8.

Ukungu hupimwa kwa pikseli, vile vidoti vidogo vinavyounda picha. Walimu wengi wa video hupunguza picha kabla ya kurekodi ili kompyuta isisuesue. Mara nyingi picha yao ina upana wa pikseli 1000 hivi. Yako ya megapikseli 12 ina upana wa kama 4000. Ile 8 iliyomtosha yeye, kwako inakuwa robo ya kinachohitajika. Anza na 32, kisha panda na kushuka huku ukitazama. Mistari unayo, ila ni myembamba mno, na skrini ikishaipunguza picha nzima ikae mbele yako, inapotea.

Sasa nikuonyeshe kinachotokea humo ndani, kwa sababu siku nyingine utakutana na somo lisilotaja namba kabisa. Kompyuta huhesabu mwanga wa kila pikseli kuanzia 0, nyeusi tii, hadi 255, nyeupe pe. Tuseme pikseli ya tabaka la chini ina 100. Negativu yake juu itakuwa 155. Dodge huchukua namba ya chini, huizidisha kwa 255, kisha huigawa kwa kile kinachobaki ukitoa namba ya juu kwenye 255. Hapa kinachobaki ni 100, na jibu ni 255. Nyeupe. Jaribu pikseli ya 60 au ya 200, jibu ni lilelile. Ndiyo maana kabla ya kutia ukungu skrini yote inakuwa nyeupe na mtu anadhani ameharibu.

Ukungu ndio unaochora. Chukua ukingo, tuseme mahali nywele nyeusi zinapokutana na ukuta mweupe. Nywele ni 60, ukuta ni 200. Negativu zake ni 195 na 55, lakini ukungu umezichanganya, kila upande unapata kama 125. Sasa fanya hesabu: nywele, 60 mara 255 gawa kwa 130, ni kama 118. Kijivu, huo ndio mstari wa penseli. Ukuta, 200 mara 255 gawa kwa 130, unapita 255, basi unabaki nyeupe. Sogeza picha karibu uone mwenyewe: mstari umekaa upande wa giza peke yake. Mimi niliuona hivyo kwa miaka kabla sijakaa na kalamu kujua sababu.

Mambo mawili zaidi kabla sijakuacha. Picha ya usiku iliyojaa chembechembe, kila chembe ni ukingo mdogo, na kila ukingo utachorwa. Utapata shavu lenye uchafu kama lililopakwa majivu. Punguza chembe kwanza, ndipo uanze. La pili, usiruke hatua ya kutoa rangi. Ukiiruka, hesabu hiyo hufanyika mara tatu, kwa nyekundu, kijani na bluu, na kwenye kingo utapata rangi ambazo hakuna penseli iliyowahi kuziacha.

Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, jina ni Dodge tu. Nalipenda jina hilo maana linanirudisha chumba cha giza, nilikojifunzia kazi. Tulikuwa na kipande cha kadibodi kwenye ncha ya waya. Karatasi ya picha inakuwa nyeusi inapopigwa mwanga, kwa hiyo ukitaka uso wa mtu usiive sana, unaukinga kwa kile kikadibodi sekunde mbili tatu, huku ukikitikisa kisiache alama. Sehemu uliyoikinga inatoka nyepesi. Programu imeondoa waya, jina imeliacha.

Na usijione mjinga. Mchoro wangu wa kwanza wa namna hii niliutengeneza usiku kucha nikiwa nimeikuza picha mpaka pikseli moja moja zinaonekana, kila mstari nikiushangilia. Nikauchapisha mkubwa kwa ajili ya mteja. Alipoufungua alitazama mbele, akatazama nyuma, akaniuliza kama nimempa karatasi ya upande sahihi.

Fundi, filta ya rangi ya mafuta inanipendezea kwenye miti na maji, lakini uso wa binti yangu unakuwa kama wa mgonjwa. Macho yanayeyuka. Somo halisemi lolote kuhusu nyuso. — Mama wa Mmoja

Pole, mama. Mwalimu wako alichagua picha ya mandhari, na mandhari husamehe.

Filta hizi si za aina moja. Ile ya GIMP hutazama duara la pikseli, huuliza rangi ipi imejitokeza mara nyingi zaidi, na kuipa ushindi. Jicho ni dogo. Likizungukwa na ngozi, ngozi ina kura nyingi, jicho linashindwa. Aina nyingine ni ya Kuwahara, iliyopewa jina la mtafiti wake, ya mwaka 1976, ambayo asili yake ni picha za kitabibu za moyo. Yenyewe hugawa jirani za pikseli katika miraba minne, huchagua mraba uliotulia zaidi, na kuchukua wastani wake. Kwa hiyo haivuki ukingo ovyo, na mabaka yake yanafanana na brashi. Programu yako ikiwa nayo, ijaribu kwanza usoni.

Lakini hata hiyo ikitiwa ukubwa uleule wa miti itakula kope. Fanya hivi: nakili picha mara mbili. Nakala ya chini itie filta kwa ukubwa unaoupenda, tuseme 16. Ya juu itie ndogo, 4 au 5. Weka barakoa ya tabaka (layer mask), kifuniko kinachoficha penye weusi na kuonyesha penye weupe, kwenye ile ya juu, ijaze nyeusi ili ifichike yote, kisha kwa brashi laini nyeupe paka uso na mikono. Macho yenyewe, na ncha ya mdomo, rudisha kidogo kutoka kwenye picha halisi, robo hivi, kwa barakoa vilevile. Wachoraji wa mafuta nao hushika brashi kubwa kwa mawingu na ndogo kwa macho. Ukitumia brashi moja turubai nzima, mtazamaji anajua ni mashine kabla hajajua kwa nini.

Somo moja la ile picha yenye mng'ao wa ndoto linasema Screen, jingine linasema Multiply. Moja linaongeza mwanga, jingine linapunguza! Nani mwongo? — Nimechanganyikiwa

Hakuna mwongo. Kila mmoja amekupa nusu.

Mng'ao huo unaitwa kwa jina la mpiga picha Michael Orton, aliyeanza kuufanya kwa filamu miaka ya 1980. Alipiga slaidi mbili za kitu kimoja, moja kali, nyingine nje ya fokasi, zote zikiwa zimepata mwanga kupita kiasi, kisha akazibandika pamoja kama mkate na mkate. Mwanga ukipita slaidi mbili hunywewa mara mbili, na huko ndiko kuzidisha, ndiyo Multiply. Kama slaidi zisingekuwa nyeupe kupindukia, zikibandikwa zingetoa picha yenye giza.

Basi kwenye kompyuta: nakili tabaka, chagua Screen ili picha ing'ae mno, unganisha. Hiyo ndiyo slaidi iliyopata mwanga mwingi. Nakili tena, tia ukungu nakala ya juu, chagua Multiply. Umemaliza. Ukungu upime kwa upana wa picha yako, kama nilivyomwambia Mpenda Penseli. Na kama hutaki hesabu, punguza ukolevu (opacity) wa tabaka la juu hadi 40 kwa 100 na utazame majani: yakianza kuonekana yamelowa, umepita.

Kwa picha za watu naikataa kabisa. Ngozi inakuwa nta. Wengine wanaipenda, shauri yao.

Nimehifadhi mchoro juu ya picha halisi, kwa jina lilelile la JPEG. Matabaka siyaoni tena. Naweza kurudi nyuma? — Mwenye Majuto

Kama programu bado iko wazi hujaifunga, ndiyo: rudisha hatua nyuma mpaka mwanzo, kisha hifadhi kwa jina jingine. Fanya sasa, kabla hujamaliza kusoma hili.

Kama umeshaifunga, JPEG haibebi matabaka, imeyakandamiza yote kuwa karatasi moja. Kutoka kwenye mchoro hakuna njia ya kurudi kwenye picha. Zile 255 nilizozieleza juu zimemeza shavu zima, na nyeupe haikumbuki ilikuwa 60 au 200. Tafuta kwenye kadi ya kamera, kwenye pipa la taka la simu, kwenye hifadhi ya mtandaoni kama uliiwasha, na kwa yeyote uliyewahi kumtumia. Ukiipata kwa rafiki, mwambie akutumie kama faili, si kama picha ya mazungumzo, maana programu za ujumbe huipunguza.

Tangu GIMP 2.8 ya mwaka 2012, amri ya kuhifadhi hutoa faili la XCF lenye matabaka yote, na JPEG hutolewa kwa amri nyingine. Watu wengi hulalamikia usumbufu huo. Mimi nilikuwa mmoja wao, hadi siku nilipofanya ulichofanya wewe kwenye programu nyingine, kwa picha ya harusi ya watu. Bwana harusi alikuwa ameihifadhi ile niliyomtumia siku ya kwanza, ndogo, ya kutazamia kwenye simu. Ndiyo tuliyoichapisha.