Ameona vita, kwa hiyo nivumilie?

Maswali yenu yanajibiwa na msaidizi wa kisheria wa Ngamiani, Tanga

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chogo, Handeni. Mume wangu alizaliwa Somalia, kando ya Mto Juba. Wazee wake ni Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani zamani, wakarudi huku kwa sababu ya vita vya 1991. Alikuwa mtoto, na alimwona baba yake akiuawa. Mpaka leo usiku huweweseka na kupiga mayowe. Akitulia ni mtu mwema, lakini hasira ikimpanda hunipiga. Mara ya mwisho alitumia mpini wa jembe, mkono ukavimba nikashindwa hata kutwanga. Mama mkwe ananiambia, "Mwanangu mvumilie, huyo kaona vita." Nikienda polisi si nitakuwa nimemwongezea mateso mtu aliyekwisha kuteseka? Tena shamba la ufuta tunalolima limeandikwa jina lake peke yake. Akinifukuza nitakwenda wapi?
Mama wa watatu, Chogo

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu.

Nianze na mama mkwe, maana maneno yake ndiyo yaliyokufunga. Mheshimu, wala usimjibu kwa ukali. Lakini naye alikuwa kwenye vita hivyo hivyo. Aliumia moyo kama mwanawe, akakimbia na watoto, na yale waliyotendewa wanawake wa Juba wenye silaha walipoingia vijijini kupora nafaka, wengi hawajayatamka hadi leo. Je, yeye anampiga nani? Wanawake waliokimbia kutoka Somalia walibeba vita vifuani mwao, wakafika kambi ya wakimbizi ya Mkuyu, wakahamia Chogo, wakashika jembe wakalea watoto. Hakuna aliyewaambia majirani wavumilie kupigwa nao.

Maumivu ya mumeo ni ya kweli. Kuweweseka, kushtuka ovyo, kukosa usingizi miaka yote hii ni ugonjwa, na una tiba. Siku akiwa ametulia, mshawishi aende hospitali ya wilaya aombe huduma ya afya ya akili, na mama yake ndiye mtu mzuri wa kumpeleka. Ila nataka ujiulize jambo hili: mwenyekiti wa kijiji akimuudhi, humpiga mpini? Mwenye duka anayemdai je? Kama kwao hujizuia, basi nyumbani pia anaweza kujizuia. Hapa Ngamiani nimewasikiliza wake wengi ambao waume zao hawajawahi kusikia mlio wa bunduki, nao huletewa sababu: amekunywa, hana kazi, amerogwa. Vita ni sababu nzito kuliko hizo, na bado si ruhusa.

Sheria haikuacha mwanya. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Kwa hiyo ukienda Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, hujamsaliti mtu. Umekwenda kusema kwamba mkono wako umevunjiwa haki yake.

Sasa nisikilize vizuri kwenye hili, maana hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Polisi watakupa fomu inayoitwa PF3. Unaipeleka hospitali, daktari anaandika jeraha liko wapi, lina ukubwa gani na limesababishwa na kitu gani. (Ukiwa na hali mbaya, wahi hospitali kwanza, fomu itafuata.) Wanawake wengi wakifika mbele ya daktari na mume amesimama mlangoni, husema, "Nimeanguka kisimani." Daktari anaandika alichoambiwa. Miezi ikipita, mwanamke akisema mahakamani kwamba alipigwa, wakili wa upande wa pili anainua karatasi ile ile na kuisoma kwa sauti: ameanguka kisimani. Nimeiona fomu ya namna hiyo, mwandiko mzuri, muhuri umekaa sawasawa, na haikumsaidia mwenyewe kwa lolote. Wewe sema mpini wa jembe. Sema nani aliushika. Mumeo akiwa mlangoni, mwambie nesi kwa upole unataka kuonwa peke yako.

Watakuja watu kukwambia yamalizwe kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Baraza lina kazi yake. Ukitaka talaka, kwa kawaida mahakama itadai hati ya baraza kuwa usuluhishi umeshindikana. Lakini kupiga mtu ni jinai, na jinai haingoji baraza.

Kuhusu shamba, usiogope jina moja kwenye karatasi. Mahakama ikivunja ndoa ina mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili, na tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Wewe umepika, umelea, na ufuta umeuvuna mwenyewe. Nyumba mnayoishi pia hawezi kuiuza bila ridhaa yako. Na kama ndoa haijafika huko, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamtambua mwanamke sawa na mwanaume, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina mawili. Ulizia ofisi ya kijiji. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na sheria ya 2017 na msaada wao haulipiwi. Waulizie kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Akikupiga tena usiku, toka na watoto. Ongea mapema na jirani unayemwamini, na kadi zao za kliniki na cheti cha ndoa viweke kwake.

SWALI: Bibi, nakuheshimu, ila safu yako imejaa habari za vita vya watu. Tanzania tuna amani. Rwanda na Kongo zinatuhusu nini sisi wa Tanga?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Zinatuhusu ndugu yangu, na mlango wake uko Arusha. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa pale. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, aliposhtakiwa, hati ya mashtaka ya kwanza haikutaja ubakaji kabisa. Wanawake walioitwa kutoa ushahidi wa mauaji wakaanza kusimulia na hilo, na Jaji Navanethem Pillay, mwanamke pekee kwenye jopo lile, alitaka kusikia zaidi. Mwaka 1997 mashtaka yakarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 ikaamuliwa, kwa mara ya kwanza katika mahakama ya kimataifa, kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wanawake wale walitajwa kwa herufi tu ili wasijulikane, na neno lao likawa sheria kwa dunia nzima. Mimi hulifikiria hilo kila mama anaponiambia, "Bibi, nani atanisikiliza mimi?"

Jambo la pili ni ardhi. Baada ya 1994 Rwanda ilijaa wajane na mabinti yatima waliolima mashamba ambayo mila iliwapa shemeji na baba wadogo. Mwaka 1999 wakatunga sheria ya urithi inayompa binti haki sawa na kaka yake. Soma tena barua ya Chogo hapo juu, uniambie kama swali lake la shamba ni la watu wengine. Tena yule ni mwenzetu wa mkoa huu huu.

SWALI: Bibi, dada yangu alipigwa na mchumba wake. Tulipokwenda kuchukua PF3 askari aliyekuwa zamu alituomba hela ya karatasi. Ni halali?
Binti, Pangani

JIBU: Si halali. PF3 haiuzwi. Rudini mchana, muulize jina la askari mwenye zamu, na mtake kuonana na mkuu wa kituo au dawati la jinsia moja kwa moja. Wakiwazungusha, pigeni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, simu hiyo ni ya bure. Na dada yako aende hospitali leo, asingoje mpaka alama zipotee.