Mtoto kacheza gemu ya kutisha, sasa anamkimbia bibi yake

*Shikamoo shangazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, tupo Nkuhungu hapa hapa Dodoma. Wa kike ana miaka 8, wa kiume ana 5 bado yuko chekechea. Toka ujana wangu napenda sana gemu za kutisha, ndo starehe yangu, sinywi wala sizururi. Mwaka jana shemeji alikuja likizo toka Uingereza akatuachia Nintendo Switch, ile mashine ya kuchezea gemu, yenye Luigi's Mansion 3, tukawa tunacheza wote watatu jioni, watoto wanacheka mpaka mama yao anatoka jikoni kuangalia kuna nini. Nikaona watoto wangu majasiri. Dogo akaanza kusema baba nataka ya kutisha zaidi, basi nikamwekea Granny kwenye simu, nikamvalisha earphone nikatoka nje kuongea na fundi. Kurudi namkuta yupo chini ya meza, simu kaitupa.*

*Sasa wiki mbili baadae mama yangu mzazi kaja toka Kongwa kutibiwa macho. Anatembea na fimbo. Usiku akiamka kwenda chooni mtoto anasikia fimbo ko ko ko kwenye tiles, anapiga kelele nyumba nzima inaamka. Bibi hamsalimii, chakula alichopakua bibi hali. Mama kaumia, anasema nimpeleke stendi arudi kwake. Mke wangu kafungia kila kitu kabatini, anasema nimemharibu mtoto. Mkubwa nae analilia gemu zake. Shangazi, nilikosea kuwaanzishia watoto hizi gemu?*
*Baba wawili, Nkuhungu*

Marahaba mwanangu, mbukwa, kama tunavyosalimiana Kigogo. Barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote nimeishia kumuwaza mama yako, mtu kasafiri toka Kongwa na macho yake yanamsumbua, kafika kwa mwanae wa kumzaa, alafu mjukuu akimwona anapiga yowe. Kwahiyo naanza na yeye, gemu tutazikuta mbele.

Hiyo Granny sikuwa naijua, ikabidi nimwombe mjukuu wangu mkubwa anionyeshe, nikakaa nae mpaka nikaielewa. Unaamka umefungiwa ndani ya nyumba, una siku tano za kutoroka, na mwenye nyumba ni bibi kizee anatembea na rungu. Anasikia kila kitu. Ukiangusha hata chupa anakuja, na ukisikia hatua zake unatakiwa ujifiche chini ya kitanda au kabatini. Sasa hebu fikiria, mtoto wa miaka 5, peke yake, earphone zimemziba masikio yote mawili, anafundishwa kwamba sauti ya bibi anayetembea maana yake unapigwa unakufa. Wiki mbili baadae bibi wa kweli anaingia nyumbani na fimbo, anapita koridoni usiku, ko ko ko. Mtoto wako hajaharibika hata kidogo, amefanya kile kile gemu ilichomfundisha. Hata kukaa chini ya meza siku ile, huko ndo kujificha kwenyewe.

Na kuna jambo lingine hapa ambalo mimi linanichoma na sitaki ulichukulie poa. Sisi tunaishi kwenye nchi ambayo bibi zetu wameuawa kwa kuitwa wachawi, kule Kanda ya Ziwa hasa, sababu eti macho mekundu, macho ambayo yamekuwa mekundu kwa miaka hamsini ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Mama yako kaja kutibiwa macho. Watu waliotengeneza gemu wako mbali huko hawakuwa wanamfikiria yeye, siwalaumu kwa hilo, ila wewe unamfahamu, na wewe ndo unachagua ni picha gani ya mwanamke mzee inakuwa ya kwanza kukaa kwenye kichwa cha mwanao. Zimwi lisilofanana na mtu yeyote wa nyumbani ni jambo jingine kabisa.

Sasa umeniuliza kama ulikosea. Kuwaonjesha watoto hofu hukukosea, nakwambia kwa moyo wangu wote. Mimi nimekulia Mvumi, jioni tunakaa nje ya tembe moto unawaka, bibi anatutolea hadithi za fisi na mazimwi, tena mazimwi yanayomeza watoto wa watu, na tulikuwa na miaka mitano sita hivyo. Tulikuwa tunaogopa kweli na kesho yake tunaomba tena. Ila bibi alikuwa anatuangalia. Akifika pale zimwi linapobisha hodi anasimama kidogo, anapitisha macho kwa mmoja mmoja, akiona mdogo wetu ameanza kujivuta kwenye kanga ya mtu basi zimwi linateleza linaanguka, au bibi anaingiza wimbo wote tunaitikia, na yule mdogo anavutwa anakaa mapajani. Akiona tumechangamka anaongeza ukali. Yani hadithi ilikuwa ile ile lakini kipimo kilikuwa kwenye sura zetu.

Simu haioni sura ya mtoto. Hilo ndo lililotokea nyumbani kwako, wewe kwenye Luigi ulikuwa yule bibi, unaona nani kacheka nani kanywea, kwenye Granny ukatoka nje kwa fundi. Kosa lako ni kutoka nje.

Na hiyo Luigi's Mansion 3 mliichagua vizuri, sijui kama ulijua kwanini ilifanya kazi. Jamaa mwenyewe Luigi ni mwoga, anatetemeka magoti, anaita kaka yake, alafu anaingia hivyo hivyo na mashine yake ya kuvuta vumbi anawafyonza mizimu mmoja mmoja. Mtoto anaona kumbe hata anayeogopa anaweza kusonga. Alafu mnacheza wawili, kuna yule wa kijani wa jeli, Gooigi, anapita kwenye miiba na nondo, akiyeyuka anarudi tena, sasa yule ndo wa kumpa mtoto mdogo, hana cha kupoteza na mzee wake yuko pembeni ameshika Luigi. Ulaya wameiweka kwenye daraja la miaka 7, kwahiyo hata hiyo kwa wa miaka 5 ni mpaka mzazi awe amekaa hapo hapo.

Wa miaka 5 kumwambia "hiyo ni katuni tu" haimsaidii kama unavyodhani. Umri huo mstari wa kweli na wa kuigiza bado haujakaa sawa, anaweza kukujibu vizuri kabisa mchana kwamba Granny hayupo, usiku akalala na uhakika kwamba yupo. Kwake yeye kinachotisha ndo kinachoonekana cha kutisha, basi. Dada yake wa miaka 8 ameanza kuweza kujiambia mwenyewe kwamba hii kuna mtu kaichora, na ndo maana watoto wako wawili hawawezi kugawiwa gemu moja kama wanavyogawiwa wali.

Na usidanganywe na sura za midoli. Five Nights at Freddy's toka 2014 ina dubu na sungura kama wa sherehe ya birthday, lakini kazi yake ni kumrukia mtu usoni ghafla, na Wamarekani wameiweka kwa vijana wa miaka 13 kwenda juu. Poppy Playtime ya 2021 nayo hivyo hivyo, lile dude la bluu lenye mikono mirefu, Huggy Wuggy, nimeliona linauzwa kama mdoli mpaka mitaani huku, mama ananunua anajua ni wa kukumbatia. Kabla hujamwekea mtoto gemu angalia ule umri ulioandikwa pale pale Play Store, icheze wewe kwanza nusu saa, na humo humo Play Store kuna sehemu ya familia, unaweka namba ya siri na umri, za wakubwa hazishuki. Ila video za watu wanaocheza hizo gemu hiyo namba ya siri haizizuii, na watoto wengi wanaanza kutishika huko kabla hata hawajashika gemu yenyewe.

Haya, bibi. Leo jioni kaa na mama yako, mwambie ukweli wote, usimfiche kwa kudhani hataelewa. Mwambie mama, nilimpa mtoto mchezo wenye bibi mkatili mwenye rungu, kosa ni langu mimi sio lako wala la mtoto, naomba unisamehe. Usiache alale tena akiamini mjukuu kamchukia bure. Kuhusu mtoto, msimlazimishe kumsalimia wala kumpakata kwa nguvu, na asisikie mtu anamwambia mtoto wa kiume haogopi. Na kama kuna yeyote hapo nyumbani anamtishia "usipokula nakufungulia Granny" aache leo leo, ni kile kile walichotufanyia sisi na sindano ya daktari, mpaka leo kuna watu wazima wanaikimbia hospitali.

Muwakutanishe mchana, kwenye kazi ya mikono. Bibi anachambua mlenda au karanga, mtoto anakaa mbali anavyotaka, anarusha maganda, wewe upo katikati. Kesho atasogea kidogo. Ile fimbo, mwache aishike mwenyewe, agonge tiles, atengeneze hiyo ko ko ko kwa mkono wake, mchana, na bibi ajifanye ndo anashtuka. Nimeona watoto wakicheka hapo hofu ikaanza kuondoka siku ile ile. Usiku washeni taa ndogo koridoni, na bibi akiamka aite taratibu "ni mimi bibi, naenda chooni", asitembee kimya. Na ukiweza funga kampira chini ya fimbo, hata kipande cha ndala kinatosha, kwa hizi tiles bibi nae hatateleza.

Kuhusu kuamka usiku, angalia vizuri kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Kama anaamka alfajiri analia na anakusimulia alichokiota, hiyo ni ndoto mbaya, mkumbatie, mpe maji, kaa nae, kesho achore hilo bibi na mlichore masharubu. Kama ni mapema, saa moja mbili baada ya kulala, anapiga kelele macho wazi lakini hakutambui na asubuhi hakumbuki, hapo hajaamka bado, usimtikise wala kumpiga maji, mlinde tu asijigonge, atarudi kulala. Hayo sio mashetani, asikutume mtu kwa mganga. Msipige filamu wala gemu saa nzima kabla ya kulala, na kipindi hiki cha upepo kagongee lile bati linalopiga usiku, kila nyumba Dodoma ina bati moja la hivyo na kwa mtoto mwenye hofu ni mateso. Ikipita kama mwezi bado hali, au amegoma shule, au ukaona mwili unakakamaa na kutingishika akiwa usingizini, mpeleke kituo cha afya, na huko kutingishika usisubiri mwezi, nenda siku hiyo hiyo.

Mke wako yuko sahihi kufunga kabati kwa sasa, mwambie hivyo kwa mdomo wako mwenyewe, usinung'unike. Ila mkubwa asiadhibiwe kwa kosa la baba. Yeye mpe Switch yake mara moja moja mdogo akiwa hayupo, au amelala, sauti iwe chini bila earphone, maana nusu ya hofu ya hizi gemu iko masikioni.

Mdogo akishaweza kumsalimia bibi mwenyewe bila kusukumwa ndo mrudi, na mrudi chini kabisa ya pale mlipokuwa. Pac-Man ni ya 1980, mizimu minne ya rangi, inamfukuza, alafu akila kile kidonge kikubwa mizimu inageuka bluu anaanza kuifukuza yeye, mtoto aliyeogopa anahitaji sana kuuona huo mgeuko. Au Minecraft ukiiweka kwenye Peaceful, yani hali ya amani, mazombi hayatokei, anajenga nyumba yake na taa zake, siku akitaka mwenyewe ndo unayarudisha. Luigi baadae. Kila mara mchana au jioni taa zikiwaka, wewe pembeni, na mkubaliane neno moja akilisema mnazima hapo hapo bila kumuuliza kwanini wala dada yake kumcheka. Akilitumia mara tano kwa siku moja zima mara tano.

Granny ifute. Umri wake ukifika ataikuta.

Mama yako mwambie shangazi wa Miyuji anamwomba asiende stendi wiki hii, akae amalize matibabu yake ya macho, na jioni moja umeme ukikatika awatolee hao wajukuu hadithi ya fisi, mdogo akae popote anapotaka kukaa.