Kwa Wasichana Wapya wa Shule ya Bweni, Kabla Hamjaitwa Ofisini

Wiki iliyopita niliwakuta wasichana watatu nje ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, mmoja akilia peke yake, wawili wakitazama ukuta kana kwamba hawamjui, ingawa jioni iliyotangulia niliwaona wote wakila achari katika kifuko kimoja. Nimefundisha shule za bweni za wasichana hapa Mombasa kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nililala katika mojawapo. Kwa hiyo nayasema haya nikiwapenda, na pia nikiwa nimechoka kuyaona yakirudiwa.

1. Simu. Msiifiche ndani ya mkate wala ndani ya pakiti ya sodo, kwani metroni huanzia huko.

2. Fimbo. Ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalitilia nguvu katazo hilo; mkipigwa, mwambieni mzazi siku ya kutembelewa, msingoje likizo.

3. Kutoroka. Nilikuwa kidato cha pili, wakati wa kaskazi, joto la bwenini halilaliki, nami nikaamua kwamba Jumamosi baada ya kufua nitapita penye pengo la ua nyuma ya jikoni, niende ufukweni pa Mama Ngina nikale mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu. Shoga yangu hakutaka kwenda. Nilimbembeleza siku mbili nzima mpaka akakubali angalau kuniitikia jina wakati wa kuhesabiwa. Akaitika mara mbili, langu kwa sauti nyembamba, na metroni akainua macho kutoka kwenye daftari. Alipoulizwa niko wapi, alinyamaza. Mimi nikaingia baadaye na ndoo ya nguo, nikasema nilikuwa uani nikianua, nikaaminiwa kwa sababu alama zangu zilikuwa nzuri. Yeye akapewa wiki mbili nyumbani kwa kufanyia mzaha daftari la mahudhurio.

Jumatatu mamake alivuka na feri kutoka Likoni, mahamri yake ya kuuza amemwachia mtoto mdogo. Nilipopita penye benchi alinishika mkono. Kiwiko chake kilikuwa na unga uliokauka, na barua ya shule ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya fundo la leso. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye rafikiye. Hebu niambie, amekosa nini?" Nikamjibu, "Sijui, mama." Ofisi ilikuwa hatua kumi kutoka pale, na mlango ulikuwa wazi.

Wiki mbili zile nilimnakilia noti zote za Bayolojia na Historia, kwa mwandiko mzuri kuliko niliotumia katika madaftari yangu, nikidhani deni lile litalipika kwa wino. Aliporudi alizipokea, akasema ahsante, kisha akahamishia godoro lake upande wa pili wa bweni. Tulimaliza kidato cha nne tukisalimiana asubuhi na jioni, na hatukuwahi tena kula sahani moja.

Basi msimwombe mwenzenu awaitikie jina. Akiwa ameshaitika, nendeni ofisini siku ile ile, hata kama magoti yanatetemeka, kwa sababu kesho yake ulimi huwa mzito zaidi, na keshokutwa hauinuki kabisa. Adhabu ya kutoroka naijua: ni kufyeka nyasi na barua ya nyumbani, na zote mbili huisha kabla ya muhula kwisha.

4. Mzazi wa mwenzenu akiitwa, mpelekeeni maji. Benchi la nje ya ofisi halina kivuli baada ya saa nne, na wengi wao wametoka nyumbani alfajiri bila kunywa hata chai.