Nimefungwa, nimefungiwa au nimezuiwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi za uhasibu nikiwa nyumbani, Tabata, Dar es Salaam, na mara nyingi nakuwa nimewasha VPN, ile programu inayopitisha intaneti yangu kwenye kompyuta ya mbali. Kila nikifungua tovuti naletewa picha: chagua pikipiki, chagua mataa, halafu weka alama ya vema kwenye kisanduku cha "Mimi si roboti". Nyingine haziulizi kitu, zinaniandikia tu kwamba siruhusiwi kuingia. Juzi nilimwandikia dada kuwa tovuti ya kukatia tiketi "imenifunga". Alinicheka siku nzima, anasema ni "imenifungia". Shemeji naye anashikilia "imenizuia". Nani yuko sahihi? Na ni "si roboti" au "sio roboti"? Halafu hiyo mitihani ya picha inaitwaje kwa Kiswahili?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole na pikipiki. Dada ana haki ya kucheka, lakini shemeji naye hajakosea. Kila mmoja ametaja jambo lake, na yote mawili yamekupata wewe.

Nianze na lililomchekesha dada. Mtu akisema "nimefungwa", anayemsikia anafikiria jela au mpira. Aliyefungwa miaka mitatu yuko gerezani. Timu iliyofungwa mbili bila imerudi nyumbani kimya. Kwa hiyo "tovuti imenifunga" ilimfikia dada kana kwamba tovuti imekupiga bao. (Kwa jinsi ulivyoandika kwa uchungu, huenda ndivyo ulivyojisikia.)

Ukiitia ile -i- ya kutendea, ukapata "fungia", habari inageuka. Kinachofungwa sasa ni mlango. Wewe ni yule ambaye kufungwa kwa mlango kumemwangukia. Mama huwafungia kuku bandani, nao wako ndani. Mwenye nyumba humfungia mpangaji asiyelipa kodi, naye yuko nje na godoro lake. Kitenzi chenyewe hakisemi ndani wala nje, unaelewa kwa kuangalia nani ana godoro. Ndiyo maana TFF, shirikisho la soka, humfungia mchezaji mechi kadhaa, BASATA, baraza la sanaa, hufungia wimbo, na gazeti la MwanaHalisi lilipopigwa marufuku Julai 2012 watu walisema limefungiwa. Hakuna aliyefungwa kamba hapo. Kuna mlango, na kuna mtu mwenye ufunguo.

Kwa hiyo ukurasa unaokuandikia kuwa huruhusiwi kuingia, bila swali wala picha, umekufungia. Hapo dada kapatia kabisa.

Ila uwe na tahadhari moja. "Funga" kwetu pia ni kuweka kifaa mahali pake kifanye kazi: fundi anafunga dishi, anafunga feni, anafunga mita ya maji. Basi jirani yako akikwambia "nimefungiwa intaneti", usimpe pole haraka. Huenda mafundi wametoka kwake sasa hivi, waya umeshapita dirishani na watoto wanaangalia katuni. Au huenda kweli amezibiwa. Sentensi ni ileile, moja ya sherehe na moja ya msiba. Mimi ningemshauri anayelalamika ataje mlango wenyewe: "nimefungiwa tovuti fulani", au "tovuti fulani imenifungia". Utata unaisha.

Sasa shemeji. "Zuia" ni kumsimamisha mtu asiendelee. Kizuizi cha barabarani kinakuzuia: unasimama, unaulizwa leseni, unafungua buti, kisha unaambiwa haya nenda. Barabara haijafungwa, na wewe hujafungiwa. Ndivyo zinavyofanya zile picha za pikipiki. Tovuti imekusimamisha, imekukagua, ukijibu vizuri unapita. Kwa hilo "imenizuia" ni sahihi, tena kuliko "imenifungia". Ila usiende hadi "imenizuilia", maana polisi ndio wanaozuilia watu, na huko mtu hulala.

Kwa nini wakuzuie wewe na siyo dada? Tovuti haikuoni wewe wa Tabata. Inaona anwani ya ile kompyuta ambayo VPN imekutolea, pengine Uholanzi, pengine Ujerumani, na kwenye anwani hiyohiyo wamo mamia ya watu wengine. Mmoja wao akituma maombi elfu kwa dakika au akijaribu kuotea nywila za watu, anwani nzima inachafuka. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa hata si wa kwao, ni mpangaji mwenzio ambaye hujawahi kumwona, mnatumia mlango mmoja tu wa kutokea. Hata bila VPN huwa inatokea: kampuni za simu nazo huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja, kwa hiyo siku nyingine utaulizwa pikipiki ukiwa na bando lako la kawaida.

(Wewe uko Tanzania, kwa hiyo utakuwa unakumbuka tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023 lililowataka wanaotumia VPN kutoa taarifa zao. Hilo si swali la lugha. Naliacha hapo.)

Kuna neno la tatu ambalo hukuliuliza, lakini limepata kazi nyingi siku hizi: "zima". Mei 2025, mtandao wa X ulipoacha kufunguka Tanzania, watu walisema "X imefungiwa", na wenye VPN waliendelea kuingia. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, wengi hawakusema intaneti imefungiwa. Walisema "imezimwa", na hawakukosea. Kilichofungiwa kina mlango, na penye mlango mtu anaweza kutafuta dirisha. Kilichozimwa hakina mlango wala dirisha, na VPN yenyewe hupanda juu ya intaneti hiyohiyo, kwa hiyo nayo ikalala. Waandishi wa habari wanaochanganya maneno haya mawili wananikera kuliko wanaosema "mida hii".

Tuje kwenye kisanduku. "Mimi si roboti" ni sahihi. "Si" ni kinyume cha "ni", basi: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. "Sio" asili yake ni "si" pamoja na -o ya kurejelea, ndugu wa "ndio", na kwa kawaida ilifuata ngeli: kisu hiki sicho, nyumba hii siyo, gari hili silo, mtoto huyu siye. Inasema "si kile tulichokuwa tunakitaja". Na kwa nafsi ya kwanza, wazee wetu walikuwa na neno zuri ambalo limebaki kwa washairi na wasahihishaji wa mitihani: "simi". Nani kavunja chungu? Simi.

Sasa angalia tofauti. "Mimi si roboti" maana yake sina uroboti. "Simi roboti" maana yake: kuna roboti mnaitafuta, lakini mmemkamata asiyehusika. Nakiri kwamba kwa mtu anayeulizwa maswali kwa sababu ya makosa ya mwenzake wa VPN, hii ya pili ndiyo malalamiko yenye haki zaidi. Hata hivyo kisanduku hakiulizi hivyo, kwa hiyo acha "si".

"Mimi sio roboti" utaisikia kila mahali, redioni, bungeni, hata kwangu mezani kwa wajukuu. Katika mazungumzo siigombezi tena, imeshakuwa maji yaliyomwagika. Kwenye maandishi yanayokaa machoni pa watu kila siku ningependa "si". Ni fupi, na haina ubishi.

Jina la mitihani hiyo? Watu wengi wanasema kapcha, na mimi naona imetosha: kapcha hii, kapcha hizi, kama karata. Neno lilibuniwa na watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, wakaliandika mwaka 2003. Ni kifupisho kirefu chenye jina la Turing, mwanahisabati aliyewaza mtihani wa kutofautisha mtu na mashine, ndani yake, kilichonyooshwa makusudi kifanane na neno lao la "kunasa". Hatuwezi kukitafsiri herufi kwa herufi tukabaki na neno linalotamkika. Ukitaka kumweleza bibi, sema "chujio la roboti" na ataelewa, kwa sababu chujio analijua: tui hupita, machicha hubaki.

Ninachokukataza ni "jaribio la utu". Nimeliona limeandikwa. Utu si kuwa na mikono miwili na kutambua basi la njano la shule za Marekani. Utu ni kumpisha mzee kiti kwenye daladala. Mtu anaweza kubofya picha zote kwa usahihi na asiwe nao hata chembe. Mimi mwenyewe nilishindwa mara nne kutambua bomba la zimamoto, kwa sababu maisha yangu yote sijawahi kuliona limesimama kando ya barabara likiwa na kofia, na sidhani utu wangu ulipungua. Andika "thibitisha kuwa wewe ni binadamu". Binadamu ni mwana wa Adamu, hata akiwa hana adabu.

Na mwisho, ukiweka vema kwenye kisanduku ukakataliwa tena, usiseme "roboti amenikataa". Roboti haina uhai, iko ngeli ya I-ZI: "roboti imenikataa". Siku nayo itakapompisha mzee kiti kwenye daladala, tutakaa tuzungumze habari ya kuihamishia A-WA.